Kioo ni Kioo

Kwa miezi minne nilidhani baba yangu amenikasirikia. Sikumwuliza. Kwetu mzazi akinyamaza, na wewe unanyamaza mpaka mmoja wenu achoke, na mimi nilikuwa nimejipanga kutochoka. Kumbe mzee hakuwa amenuna. Hakuwa amesikia.

Nianze na gari.

Nililinunua mwaka wa 2022 kutoka kwa dada mmoja wa Syokimau aliyekuwa anahama nchi. Saluni nyeusi ya Kijapani. Lilitumika Japani, likatumika Syokimau, sasa ilikuwa zamu yangu. Viti vilikuwa vimepauka na redio bado ilikuwa inaongea Kijapani. Lakini siku ile ya kwanza nilipofunga mlango, nilisikia kitu ambacho sikuwa nimewahi kusikia Nairobi: hakuna kitu. Nje kulikuwa na bodaboda, nganya inapiga honi, na mtu wa kuuza dawa ya panya na kipaza sauti chake. Ndani nilijisikia ninavyopumua. Nikasema, aki hii ndiyo raha ya gari. Sikujiuliza inatoka wapi. Mtu hafanyi uchunguzi wa kitu kinachompendeza.

Baba yangu alikuwa dere wa matatu kwa miaka 27. Alianza kama manamba mwaka wa 1985, akashika usukani 1989, akauachilia 2016. Kazi yake yote ilikuwa Eastlands mpaka tao, tao mpaka Eastlands. Kama umewahi kukaa mbele kwenye zile Nissan za zamani, unajua injini iko chini ya kiti. Fundi akitaka kuiona, mnashuka, kiti kinainuliwa. Basi mzee alikuwa na injini chini yake, spika nyuma ya kichwa, na dirisha la kulia wazi siku nzima, kwanza kwa sababu ya joto, na pili kwa sababu dere lazima aongee na dunia. Kuna mwenye pickup wa kutukanwa, kuna karao wa kusalimiwa.

Wataalamu wa afya ya kazini hupendekeza mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku. Ukiongeza tatu tu, zikawa 88, muda unakatwa nusu: saa nne. Zikifika 91, saa mbili. Baba alikuwa anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa nne usiku, siku sita kwa wiki. Hesabu hiyo nimeshaifanya, na sitaki kuirudia.

Sikio la kulia ndilo lililotangulia, lile la upande wa dirisha. La kushoto likafuata polepole. Sisi watoto hatukuliona likitokea kwa sababu mama alikuwa mkalimani wake. Alikuwa na njia ya kurudia maneno ya watu kana kwamba anayashangaa: "Eti bei ya unga imepanda tena!" Na baba angeitikia, na hakuna mgeni ambaye angejua kwamba hilo la kwanza halikumfikia. Mama alitutoka mwaka wa 2020. Mzee akafunga nyumba ya Makadara, akarudi ushago, ndani kidogo ukitokea Emali. Na pale ndipo tulipogundua kwamba baba yetu anajua kutabasamu mahali pa kujibu.

Kwenye simu tulikuwa na dakika moja tu. Umekula? Nimekula. Pesa imefika? Imefika. Haya, mama, lala salama. Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Lakini kila mwezi lazima aje Nairobi kliniki, mambo ya presha. Ninamchukua Ijumaa, ninamrudisha Jumapili. Na ndani ya lile gari, vioo vimefungwa, hakuna mabati ya kurudisha mwangwi, hakuna wajukuu wala televisheni, mzee alikuwa anaongea. Si kidogo. Nilikutana na mtu ambaye nilikuwa nimeishi naye miaka 20 bila kufahamiana. Alinieleza walivyopakia watu 22 kwenye Nissan ya watu 14. Alinieleza Februari 2004, sheria za Michuki zilipoanza, mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80, magari mengi yakakaa nyumbani na watu wakatembea kwa miguu mpaka kazini. Gari lake halikuwa limefungwa mikanda bado. "Nililala mpaka saa nne," akasema. "Siku hiyo ndiyo nilijua Makadara kuna ndege."

Mimi kazi yangu ni kuhariri sauti. Podikasti, matangazo, vitabu vya kusikiliza. Kwa hiyo nikaanza kuweka rekoda ndogo kwenye dashibodi. Nilimwomba ruhusa. Akafikiria, akasema, "Rekodi. Lakini usipeleke redio, kuna watu kwenye hizo hadithi bado wako hai."

*

Jiwe lilikuja Machi, mwaka jana, karibu na Salama. Nilikuwa peke yangu, nyuma ya lori la kokoto. Paap! Nyota ndogo ikatokea upande wa abiria, na nilipofika Athi River ilikuwa imekuwa mto wenye vijito.

Kioo hakikuniangukia, na kwa hilo tumshukuru Mfaransa mmoja, Édouard Bénédictus. Mwaka wa 1903 chupa ilianguka kwenye maabara yake ikapasuka bila kutawanyika, kwa sababu ndani ilikuwa imekaukiwa na utando wa kemikali. Mwaka wa 1909 akapata hataza ya vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando katikati. Mpaka leo kioo cha mbele cha gari ni andazi la namna hiyo: kioo, plastiki nyembamba isiyofika hata milimita moja, kioo tena. Jiwe likipiga, vipande vinashikwa na ile plastiki.

Haya yote niliyajua baadaye. Siku hiyo nilijua tu kwamba bima yangu inalipa kioo kisichozidi 35,000.

Nikaenda kwa fundi Industrial Area. Mtu mzuri, mpole, kalamu nyuma ya sikio. Akaangalia gari, akaingia ndani, akatoka.

"Ile ya kampuni tunaagiza, madam. Wiki sita, na itagonga 86. Lakini hii iko hapa, 28, na saa hii tunakufungia."

"Ziko na tofauti gani?"

"Kioo ni kioo. Zote utaona barabara."

Nikacheka. Nani hataki kuona barabara? Wakakata gundi ya zamani, wakapaka nyeusi mpya, wakakibandika, wakaniambia nisubiri ishike kwanza. Jioni nikarudi nyumbani.

Kwenye barabara ya Mombasa nilisikia kitu kama mtu ananyamazisha mtoto. Shhhh. Nikadhani upepo unapenya pembeni. Kesho yake nikarudi kwa fundi, wakamwagia kioo maji kwa mpira, dakika kumi nzima, halikuingia tone. Kazi yao ilikuwa safi. Nikaongeza redio kidogo, na baada ya wiki moja nilikuwa nimesahau. Masikio ya kijana ni kama mfuko wa tajiri; ukitoa mia mbili hajui.

*

Aprili nilikuwa na neno la kumwambia baba.

Harusi yangu ilikuwa iwe Desemba. Familia zilikuwa zimeshatambulishana, kamati ilikuwa na grupu ya WhatsApp yenye watu 64, na mimi nilikuwa nimegundua jambo ambalo sikuweza kuolewa nalo. Sikutaka kumwambia kwa simu ya dakika moja. Sikutaka kumwambia mbele ya watu. Nilitaka nimwambie ndani ya gari, mahali pekee tulipokuwa tunaongea kama watu wazima wawili, ili yeye, kama baba, awafikishie wazee wengine. Ndivyo inavyofanywa. Msichana hapigii wajomba simu mmoja mmoja kuwaambia aibu yake.

Tulikuwa tumepita Malili, nikienda kilomita 90 kwa saa, lori ubavuni. Nilikuwa nimeirudia hiyo sentensi tangu Mlolongo. Nikasema, macho barabarani:

"Baba, kuna jambo. Harusi haitakuwepo."

Akakaa kimya. Aliangalia barabara jinsi madereva wa zamani wanavyoiangalia, kama anasoma gazeti. Halafu akasema:

"Ni sawa, mama. Tutajipanga."

Nikangoja. Nilingoja aulize kwa nini. Nilingoja aseme pole, au anigombeze, au aseme tu "mh." Tulipofika Sultan Hamud alikuwa amelala.

Wewe ungefikiria nini? Mimi nilifikiria kwamba nimemwaibisha mzee mpaka ameshindwa kuuliza. Kwamba "tutajipanga" ni neno la mtu anayefunga mlango polepole ili usisikie umefungwa. Nilimrudisha, nikamshukuru Mungu tumefika, nikageuza gari usiku huohuo.

Mei, Juni, Julai tuliendelea na kliniki. Zaidi ya saa mbili kuja, zaidi ya saa mbili kurudi, na ile shhhh ikiwa abiria wa tatu. Nikisema kitu anasema sawa. Akisema kitu ninasema sawa. Rekoda niliitoa kwenye dashibodi nikaitupa kwenye droo, maana ningerekodi nini? Hakunipigia hata mjomba mmoja. Nikasema, basi, mzee ameamua hili jambo ni langu peke yangu.

Agosti nilifika Emali nikakuta nyumba imepakwa rangi.

Kando ya nyumba kulikuwa na tanki jipya la maji, la lita 5,000, bado lina karatasi ya dukani. Chini ya mwembe kulikuwa na mbuzi watatu wanene wamefungwa kamba. Baba Mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akaniona nikishuka, akainua mikono yote miwili.

"Bibi harusi huyo!"

Miguu yangu ilisahau kazi yake. Nikamwangalia baba. Alikuwa anatabasamu, lakini si lile tabasamu la kujaza pengo. Lilikuwa la kweli. Akanionyesha tanki. "Wageni wa Nairobi lazima waoge," akasema. Alikuwa ameuza ng'ombe mmoja.

Nilingoja mpaka usiku, Baba Mdogo ameenda, tumebaki jikoni wawili. Ushago usiku hakuna kelele hata kidogo. Nikasogeza kigoda mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Baba. Nilikwambia mwezi wa nne. Ndani ya gari."

"Uliniambia."

"Nilikwambia nini?"

"Harusi itakuwepo. Nikakwambia tutajipanga."

"Nilisema haitakuwepo."

Alinitazama mdomo. Nikaona midomo yake ikijaribu maneno mawili bila sauti, hili halafu lile, kama mtu anayepima funguo mbili zinazofanana. Itakuwepo. Haitakuwepo. Tofauti ni pumzi moja. Kiswahili chetu kinaweka "hapana" mahali padogo mno, pale mwanzo wa kitenzi, kaherufi na irabu yake. Ukikikosa hicho, kila kitu kingine kwenye sentensi kinakuambia ndiyo.

"Mbona hukuniuliza chochote miezi yote hiyo?" nikamwuliza.

"Niliona hutaki kuongea na mimi," akasema. "Tangu ubadilishe kile kioo, unanong'ona."

"Mimi? Ninanong'ona?"

"Gari yako ilibadilika sauti siku ile. Nilidhani unajua."

Miaka 27 ya kusikiliza gari. Mzee huyu hasikii "haitakuwepo," lakini aliposhika mkanda wa kiti Machi alijua kioo si kile.

*

Jumatatu nilifungua droo ofisini. Rekoda ilikuwa na rekodi ya Februari, kabla ya jiwe, na ile ya Aprili. Siku ile nilikuwa nimeiwasha Nairobi kwa mazoea, nikasahau kuizima. Gari lile lile, barabara ile ile, rekoda ile ile mahali pale pale.

Nikaziweka kwenye kompyuta, moja juu, moja chini. Programu tunazotumia huchora sauti kama picha ya rangi: sauti nzito chini, sauti nyembamba juu. Chini kabisa, mngurumo wa tairi na injini ulikuwa karibu sawa kwa zote mbili. Lakini kwenye ile ya Aprili kulikuwa na ukungu katikati, kuanzia kama Hertz 2,000 kupanda mpaka 4,000 na kidogo. Ile shhhh yenyewe. Februari ukungu huo ulikuwepo, lakini mwembamba, na sauti ya mzee ilisimama juu yake kama mtu juu ya nyasi fupi. Aprili nyasi zilikuwa zimefika kiunoni.

Halafu nikafanya jambo ambalo labda singelifanya kama ningekuwa na kazi nyingine. Nikachukua sentensi yangu ya Aprili, nikashusha sauti zote nyembamba, jinsi masikio yaliyochoka yanavyozishusha. Nikabonyeza. Mwanamke fulani, mbali, akasema:

"Aaba, u-a jambo. Aru-i... i-a-uwe-o."

Nilisikiliza mara saba. Hata mimi niliyeisema ningemjibu "tutajipanga."

Iko hivi. Tunapoongea, irabu ndizo zenye nguvu na ziko chini, kwenye sauti nzito. Konsonanti kama s, f, t, k, sh na ile h ndogo ziko juu, nyembamba na dhaifu, na ndizo zinazobeba maana. Kelele ya miaka mingi huharibu kwanza sehemu ya juu ya usikivu, hasa karibu na Hertz 4,000. Ndiyo maana wazee kama baba husema, "Nakusikia, lakini sikuelewi," na sisi tunapaza sauti, yaani tunaongeza irabu, kitu ambacho hawakukosa.

Sasa kioo. Kila kipande bapa cha kioo kina sauti yake ya udhaifu. Kwenye sauti hiyo, mawimbi ya hewani na mtikisiko unaopita ndani ya kioo huenda kwa hatua moja, na kelele inapita kana kwamba imefunguliwa mlango. Kwa kioo cha unene wa milimita nne au tano, kama cha gari, udhaifu huo uko karibu na Hertz 2,500 hadi 3,000. Kioo cha kawaida kinavuja jirani kabisa na pale sikio la baba limetoboka.

Kile cha kwanza, kilichotoka Japani na gari, hakikuwa hivyo. Utando wake wa katikati ulikuwa na tabaka tatu: plastiki ya kawaida nje, na ndani yake moja laini zaidi. Kioo kikitaka kutikisika, lile tabaka laini linasuguana na kulegea, linaumeza mtikisiko na kuugeuza joto dogo ambalo hakuna mkono unaoweza kulihisi. Unene ni ule ule. Ukivisimamisha viwili pamoja huwezi kuvitofautisha kwa macho. Tofauti iko kwenye maandishi madogo ya pembeni, ambapo viwanda vingi huandika "Acoustic" au jina lao la namna hiyo. Nilikuwa na picha ya gari kutoka siku niliyolinunua. Nikaivuta, nikaivuta. Lilikuwepo. Neno dogo kuliko ukucha.

Lazima niwe mkweli hapa. Kioo hiki si muujiza. Kinapunguza desibeli chache, tena hasa kwenye lile eneo moja. Tairi bado zinanguruma, milango bado inavujisha upepo. Mtu mwenye masikio mazima anaweza kuendesha mwaka mzima asiulize. Mimi niliuliza wiki moja tu. Na sikio la baba halikuharibiwa na kioo. Lakini mtu aliyebakiza kidogo, hicho kidogo ndicho chake chote. Zile desibeli chache ndizo baba alikuwa anaongea nazo.

Nimefikiria pia jinsi tunavyonunua ukimya mjini huu vipande vipande. Sheria ya kelele ipo tangu 2009, lakini nani amewahi kuiona ikishuka kwenye stage? Mwenye pesa ananunua geti, ananunua gari linalofunga vizuri, ananunua iafoni za kuzima dunia. Dere anauziwa kelele na analipwa kuibeba. Halafu akistaafu, ukimya anaoupata ni ule wa watu kuacha kumwongelesha.

Septemba alikubali kupimwa. Alikaa kwenye kile kijumba cha kioo, amevaa hedifoni, akibonyeza kitufe kila aliposikia mlio. Nilimwona kupitia dirishani. Kulikuwa na vipindi virefu ambapo kidole chake hakikusogea, na kwenye mashine ya daktari taa zilikuwa zinawaka. Mchoro ukatoka: mstari unatembea vizuri upande wa sauti nzito, halafu unaanguka kwenye 4,000 kama barabara iliyobebwa na mafuriko. La kulia limeanguka zaidi. Daktari akamweleza kuhusu vifaa vya kusikia. Baba akauliza bei, akaambiwa, akasema atafikiria. Kwa lugha ya baba hiyo ni hapana, lakini safari hii nilimsikia akisema kwa daktari, "Nitafikiria kweli."

Kwa fundi nilirudi pia. Sikwenda kugombana.

"Aaah," akasema, "kumbe ulikuwa na ile ya acoustic. Ungeniuliza. Hakuna mtu huuliza."

"Nilikuuliza tofauti."

Akashika kalamu yake. "Ni kweli," akasema. "Uliniuliza."

Akanipunguzia kidogo. Nililipa 82,000 mwenyewe, kwa awamu, na kioo kikaja Novemba.

Wale wazee, baba aliwaita mwenyewe, nyumbani kwake, mimi nikiwa jikoni. Sijui aliwaambia nini. Najua alianza hivi, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia: "Kosa ni langu, nilisikia vibaya." Mbuzi wawili aliwauza. Wa tatu, akasema, amepewa likizo. Tanki lilibaki, na ukame wa huko ukiujua, halikuwa hasara.

*

Jumapili ya kwanza na kioo kipya, nilikuwa ninamrudisha. Kabla hatujatoka Nairobi alisimama mbele ya gari, akagonga kioo mara mbili kwa kifundo cha kidole. Akaingia, akafunga mlango, akatulia kama mtu anayeonja chai.

"Imerudi," akasema.

Halafu akashuka tena, akazunguka mpaka upande wangu, akanyoosha mkono.

"Nipe funguo."

"Baba, kwani..."

"Leseni yangu haijawahi kufa hata siku moja. Nipe."

Nikampa. Nikahamia kushoto. Akasogeza kiti, akapima vioo vya pembeni, na kabla ya kuwasha akagusa sikio lake la kushoto, lililo afadhali.

"Hili ndilo lenye uhai," akasema. "Mimi nikikaa pale na wewe ukiendesha, unaongea na lile lililokufa. Miaka miwili unaongea na sikio lililokufa, mama."

Nilikuwa nimesoma kuhusu tabaka tatu za plastiki. Nilikuwa nimechora mawimbi. Nilikuwa nimelipa 82,000. Sikuwa nimemwuliza ni upande gani nikae.

Aliendesha jinsi alivyokuwa akituendesha zamani siku za Krismasi, mkono mmoja chini ya usukani, hana haraka na lori lolote. Tairi zilikuwa zinanguruma chini yetu. Juu ya mngurumo huo kulikuwa na nafasi.

Tulipopita Malili akasema, bila kuondoa macho barabarani:

"Sasa niambie. Hiyo harusi. Ilikuwaje?"

Nikamwambia. Yote, hata yale ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Ilituchukua mpaka Sultan Hamud, na aliniomba nirudie mara mbili tu.